Mchungaji, Kadhi na Mwandishi wa Lamu

Mtu anayetafuta historia ya Walutheri Afrika Mashariki hataanzia Wiyoni, mtaa wa kaskazini ya mji wa Lamu. Atapanda Kilimanjaro na Usambara, atakwenda Bukoba, au atafika Itierio huko Kisii, ambako wamisionari kutoka Sweden walianza kazi mwaka 1948. Huko atakuta makanisa, shule na hospitali. Lamu ni kisiwa cha misikiti, na wahubiri wa Kijerumani waliofika mwambao huu hawakukigeuza. Hata hivyo nadai kwamba kazi ya Walutheri iliacha alama hapa, nayo imo katika lugha. Nadai pia kwamba alama hiyo isingekuwapo bila wanazuoni na waandishi Waislamu, walioikaribisha kazi hiyo.

Ushahidi wa kwanza unatoka Mombasa. Johann Ludwig Krapf, aliyelelewa katika Ulutheri wa Württemberg, Ujerumani, lakini akatumwa na shirika la Kianglikana, alifika pwani mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huohuo alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameketi na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhidini, wakikifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Jambo hili halitajwi inavyostahili. Sura za kwanza za Biblia katika lugha yetu zilipita kwenye ulimi wa kadhi wa Kiislamu, mtu ambaye habari za Adamu, Nuhu na Ibrahimu hazikuwa ngeni kwake. Kadhi hakubatizwa. Alitoa elimu aliyokuwa nayo kwa mgeni aliyeihitaji, na sioni jina jingine linaloifaa kazi hiyo isipokuwa huduma.

Msomaji makini atanikatiza hapa. Atasema Krapf hakuja kuitumikia lugha, alikuja kutafuta waumini, na lugha ilikuwa chambo tu. Pingamizi hili lina nguvu, na Krapf mwenyewe analipa nguvu zaidi. Katika sarufi yake ya mwaka 1850 alitetea herufi za Kirumi, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba herufi za Kiarabu zingeupa Uislamu njia ya kuenea. Nia hiyo siifichi. Ila nia ya anayeanza kazi haitawali kila matokeo yake. Kamusi ya Krapf, iliyochapishwa mwaka 1882 baada ya kifo chake, imejaa maneno aliyopewa na Waislamu wa Kimvita, na leo humsaidia mtafiti wa tenzi za Kiislamu kama inavyomsaidia mfasiri wa Biblia.

Karibu zaidi na Lamu walikuja watu wa Neukirchen, shirika la misheni la Ujerumani. Kwa ungamo hawakuwa Walutheri kamili, lakini walitoka katika uamsho uleule wa Waprotestanti wa Kijerumani. Mwaka 1887 walianza kazi Ngao, miongoni mwa Wapokomo wa mto Tana. Wakati huo bendera ya Ujerumani ilikuwa Witu, bara karibu na Lamu, ilikopandishwa mwaka 1885, na posta ya Kijerumani ilifunguliwa mjini Lamu mwaka 1888. Ikafungwa mwaka 1891, baada ya mkataba wa 1890 kuiachia Uingereza Witu. Bendera iliondoka, wamisionari wakabaki. Mmoja wao, Ferdinand Würtz, aliandika sarufi ya Kipokomo, na pia kamusi ya Kitikuu, yaani Kibajuni, lugha ya wavuvi wa visiwa hivi ambayo watawala hawakuwa na haja nayo. Mtoni walipata waumini. Kisiwani hali ilikuwa nyingine, na nadhani sababu moja ni Habib Swaleh. Mwanzoni mwa karne ya 20 sharifu huyu mwenye asili ya Ngazija alijenga msikiti wa Riyadha huko Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, akawafundisha hata watumwa na wageni ambao mabwana wa mji hawakutaka waketi katika darsa. Mhubiri kutoka Ulaya aliyetumaini kwamba wanyonge wangemkimbilia alikuta mlango wao umekwishafunguliwa, tena na mtu wa dini yao.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia zaidi. Mwaka 1936 Ernst Dammann, mchungaji wa Kilutheri aliyekuwa akifanya kazi Tanga, alikuja Lamu pamoja na mkewe Ruth. Wakamkuta Muhamadi Kijumwa, mzee wa miaka zaidi ya themanini, mshairi, mpigaji ngoma, mchonga milango na mwandishi ambaye hati yake ilikuwa fahari ya mji. Utazame ubeti mmoja wa utenzi alioandika mtu kama huyu. Vipande vinne vimepangwa mstari mmoja kutoka kulia kwenda kushoto, na alama ndogo ya pambo inavitenganisha. Hati ya kale haikuwa na herufi ya p wala ya mb, hivyo ba ileile ilibeba sauti zote tatu. Neno moja ungeweza kulisoma baa, paa au mbaa, na aliyekwisha kuusikia utenzi ukiimbwa tu ndiye aliyejua lipi ni lipi. Mgeni, awe na elimu kiasi gani, hasogei hatua mbili hapo bila mwenyeji. Dammann alihitaji sikio la Lamu, na Kijumwa alikuwa nalo.

Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, mkusanyo wa tenzi katika lahaja ya Lamu, kilitoka Hamburg mwaka 1940. Tukumbuke kwamba mkutano wa lugha wa Mombasa wa 1928 ulikuwa umekwisha kuchagua Kiunguja kiwe Kiswahili sanifu. Mtoto wa Wiyoni anayesikia mato nyumbani alitakiwa aandike macho shuleni, na nti ikawa nchi. Serikali ilipokuwa ikiiweka kando lahaja ya Lamu, mchungaji huyu aliiandika kama ilivyo, na alichokiandika zaidi ni tungo za Kiislamu.

Sitamsafisha Dammann. Alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi, chama kilichofundisha kwamba watu kama Kijumwa ni duni, na ubora wa kitabu haulipi deni hilo. Lakini wanaosema kwa sababu hiyo tuiache kazi yote wanamsahau mshiriki wake. Kijumwa hakuwa chombo cha mtu. Kuandika kwa malipo ilikuwa kazi yake, na aliwaandikia wataalamu wa Kiingereza Alice Werner na William Hichens vilevile. Tukilitupa jina la mchungaji tukatupa na karatasi, tutakuwa tumemdhulumu mwandishi mara mbili. Kosa ninaloliona ni kwamba kwa miaka mingi jina la mkusanyaji lilitangulia la mwandishi, na kwamba hati zilikaa Hamburg na London, mbali na watu wanaoweza kuziimba.

Usahaulifu kama huo ulijitokeza tena mwaka 2010. Wakenya walipokuwa wakijadili katiba mpya, viongozi wengi wa makanisa waliipinga, na miongoni mwa sababu zao ni kwamba ilizitambua mahakama za kadhi. Walikuwa na haki ya kuuliza dola iwe na uhusiano gani na dini. Ila wengi walizungumza kana kwamba kadhi ni mgeni katika historia ya Ukristo wa Kenya, ilhali Biblia wanayoihubiri kwa Kiswahili ilianzia mezani pa Sheikh Ali. Katika muongo huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, walipiga picha hati za msikiti wa Riyadha kwa ushirikiano na walinzi wake. Picha zilikwenda kwa wasomaji wa dunia. Karatasi zenyewe zilibaki Langoni.