Mipaka ya Afrika Mashariki: nani aliichora na kwa nini ingalipo?

Mstari unaozitenganisha Kenya na Tanzania huanzia Bahari ya Hindi, karibu na mlango wa mto Umba, ukaelekea kaskazini-magharibi hadi Ziwa Victoria. Mtu akiutazama katika ramani ataona kwamba kwa sehemu kubwa umenyooka kama uliopigwa kwa rula, isipokuwa mahali pamoja: hapo unapinda, unauzunguka Mlima Kilimanjaro na kuuacha wote upande wa Tanzania.

Vizazi vya wanafunzi vimesimuliwa kwamba Malkia Victoria wa Uingereza alimtunuku mlima huo mjukuu wake, Kaiser Wilhelm wa Pili, kwa siku yake ya kuzaliwa. Hadithi hiyo si ya kweli. Mpaka uliafikiwa mwaka 1886, na Wilhelm wa Pili hakutawazwa hadi 1888. Kilichotokea ni mapatano ya kawaida ya wagawanaji: Wajerumani walidai kuwa na mikataba na watawala wa Uchagga, Waingereza waliitaka bandari ya Mombasa, na kila upande ukapata ulichokitaka.

Hata hivyo, hadithi ya zawadi imedumu kwa sababu inalo jambo moja la kweli. Ardhi na watu wake viligawanywa na watu waliokuwa mbali, na wenyewe hawakuulizwa.

Mkutano wa Berlin

Kansela wa Ujerumani, Otto von Bismarck, aliufungua mkutano wa Berlin tarehe 15 Novemba 1884, nao ukamalizika tarehe 26 Februari 1885. Ulihudhuriwa na mataifa 14, zikiwemo Marekani na Dola ya Uthmaniya. Hapakuwa na mjumbe hata mmoja wa Kiafrika. Sultan Barghash wa Zanzibar, ambaye mamlaka yake yalitambuliwa katika miji mingi ya pwani ya Afrika Mashariki, hakualikwa.

Inadhaniwa na wengi kwamba ramani ya Afrika ilichorwa katika ukumbi ule. Sivyo. Wajumbe walijadili uhuru wa biashara katika bonde la Kongo, usafiri wa meli katika mito ya Kongo na Niger, na masharti ya kuchukua maeneo mapya ya pwani: taifa linalodai eneo liwaarifu wenzake na lioneshe kwamba lina mamlaka ya kweli mahali hapo. Mistari yenyewe ilichorwa baadaye, katika mapatano ya nchi mbili mbili, na kazi hiyo ilichukua miaka mingi.

Lakini masharti hayo yaliyapa mashindano sura ya sheria, na matokeo yake katika Afrika Mashariki yalionekana mara moja. Mnamo Novemba na Desemba 1884, Carl Peters alikuwa amepita Usagara, Uzigua, Unguu na Ukami akikusanya alama za watawala wa huko katika karatasi zilizoandikwa kwa lugha wasiyoijua. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, Kaiser Wilhelm wa Kwanza aliipa kampuni ya Peters hati ya ulinzi wa dola. Sultan Barghash alipinga. Mwezi Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya mji wa Zanzibar, na Sultan akalazimika kukubali.

Mapatano ya 1886 na 1890

Katika mapatano ya 1886, Uingereza na Ujerumani zilimwachia Sultan visiwa vyake na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, pamoja na baadhi ya miji ya kaskazini. Bara yote iliyobaki baina ya mito Ruvuma na Tana ikagawanywa kwa mstari ule unaoupinda Kilimanjaro.

Miaka minne baadaye, tarehe 1 Julai 1890, mataifa hayo mawili yalitia saini mkataba mwingine. Ujerumani iliacha madai yake ya Witu, ikaitambua Uganda kuwa chini ya himaya ya Waingereza, na ikakubali Uingereza iwe mlinzi wa Unguja na Pemba. Ujerumani nayo ilipewa, miongoni mwa mengine, Heligoland, kisiwa kidogo katika Bahari ya Kaskazini. Kwa ukanda wa pwani wa upande wake, ilimlipa Sultan mark milioni 4. Ukanda wa upande wa Kenya uliendelea kuhesabiwa kuwa mali ya Sultan, aliyekuwa akilipwa kodi, hadi mwishoni mwa 1963.

Hivyo Wadigo, Wamaasai na Wakuria walijikuta wakiwa raia wa himaya mbili. Reli nazo zilifuata mgawanyo huo huo. Ile ya Waingereza iliondoka Mombasa ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901. Ile ya Wajerumani ilitoka Dar es Salaam ikafika Kigoma mwaka 1914. Kila moja iliteremsha mazao ya bara hadi melini. Njia ya kuziunganisha Voi na Moshi ilijengwa wakati wa Vita Kuu vya Kwanza, na nia yake ya awali ilikuwa kusafirisha askari.

Ziwa moja, majina mawili

Mkataba wa 1890 haujawa kumbukumbu ya makumbusho tu. Ulitamka kwamba mpaka katika Ziwa Nyasa unafuata ufuo, yaani maji yote ya upande huo yakawa ya Waingereza. Tanganyika ilipokabidhiwa kwa Uingereza baada ya vita, pande zote mbili zilikuwa chini ya mtawala mmoja na suala hilo likalala. Uhuru ulipokuja, liliamka. Mwaka 1967 Tanzania ilisema mpaka unapita katikati ya ziwa; Malawi, ambako ziwa hilo huitwa Ziwa Malawi, ikashikilia mkataba wa 1890.

Mgogoro ulipamba moto tena mwaka 2012, baada ya Malawi kuipa kampuni ya Kiingereza leseni ya kutafuta mafuta ziwani. Marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji walijaribu kusuluhisha, bila ya kupata mapatano ya mwisho. Mvuvi wa Mbamba Bay anayetupa nyavu hatua chache kutoka ufuoni hufanya hivyo juu ya maji ambayo umiliki wake hutegemea namna ya kuisoma karatasi iliyotiwa saini Berlin.

Kwa nini hatukuifuta?

Mwezi Julai 1964, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Cairo. Kwa pendekezo lililoungwa mkono kwa nguvu na Mwalimu Julius Nyerere, waliazimia kuiheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru. Hoja yao ilikuwa ya woga wenye busara: mpaka mmoja ukifunguliwa, yote itafunguka, na kila jirani atakuwa na dai. Somalia na Morocco hazikuliridhia azimio hilo. Somalia iliona kwamba watu wake wametawanywa katika nchi kadhaa, na wakati huo huo damu ilikuwa ikimwagika kaskazini-mashariki mwa Kenya.

Azimio la Cairo lina uchungu wake. Malawi imelitumia dhidi ya Tanzania, nchi iliyolipigania. Wala halikuzuia vita vyote. Lakini kutokana nalo, kesi kadhaa zilipelekwa mahakamani badala ya medani: rasi ya Bakassi, baina ya Nigeria na Cameroon, iliamuliwa mwaka 2002 katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague kwa kufuata mikataba ya kikoloni.

Njia iliyobaki ni kuupunguzia mpaka uzito. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyofufuliwa kwa mkataba wa 1999, ilianzisha soko la pamoja Julai 2010, na Eneo Huru la Biashara Barani Afrika lilianza biashara Januari 2021. Utekelezaji bado unasuasua, na wachuuzi wa Namanga na Busia wanajua vizuizi ambavyo havimo katika hati yoyote. Sisi tulioondoka makwetu bila ya kupenda tunaujua uzito huo kwa namna yetu.

Mwaka 2024 Somalia, iliyolikataa azimio la Cairo, ilijiunga na Jumuiya hiyo, ikaketi pamoja na Kenya. Miaka mitatu kabla, nchi hizo mbili zilikuwa zikipokea hukumu ya The Hague juu ya mpaka wao wa baharini, na Kenya iliikataa hukumu hiyo. Mpaka wenyewe haujafutwa. Tofauti na mwaka 1884 ni kwamba safari hii wanaoujadili ni wale wanaoishi kando yake.