Kaskazi, Kusi na Moshi wa Jikoni

Ukimwambia mtu wa bara kwamba Malindi nako kuna hewa chafu, atakucheka. Mji uko ufuoni, bahari inapuliza kutwa kucha, moshi utakaa wapi? Ni swali zuri, na kulijibu inabidi turudi nyuma, kwani mji huu ulijengwa na pepo.

Wazee waligawa mwaka kwa pepo mbili. Kaskazi huvuma tangu Desemba hivi hadi Machi, nao ni upepo mkavu. Kusi huingia Aprili pamoja na masika, hukaa hadi Septemba au Oktoba. Katikati ni tanga mbili, upepo ukigeukageuka. Aprili 1498 Vasco da Gama aliondoka hapa na rubani aliyempata Malindi, akafika Calicut, India, kwa muda usiotimia wiki nne. Kurudi hakungoja kaskazi ikae sawa. Bahari ile ile ilimchukua karibu miezi mitatu, mabaharia wengi wakafa kwa kiseyeye, na Januari 1499 ndipo alipoonekana tena Malindi.

Pepo hizo ndizo zinazoamua unavuta nini kifuani. Kusi hutoka baharini na mvua huosha vumbi. Wakati wa kaskazi sivyo. Tope jekundu ambalo mto Sabaki hulitoa bara husukumwa hadi ghuba ya Malindi. Ufuo umepanuka, na mchanga mwembamba ukikauka hupeperushwa. Vilima vya mchanga vya Mambrui navyo ni kazi ya upepo.

Na miezi hiyo ndiyo ya kufyeka mashamba. Watawala wa Malindi walipohamia Mombasa baada ya 1593, mji ulififia ukamezwa na vichaka. Mwaka 1861 Seyyid Majid wa Unguja aliufufua kwa kilimo. Watumwa walilimishwa mtama na ufuta, na nafaka ikapakiwa majahazini kwenda Arabuni. (Utumwa pwani yetu ulikomeshwa kisheria 1907, kwa hiyo tunaposifu ghala la zamani tukumbuke lilijazwa na nani.) Kalenda ya shamba haijabadilika: anayetaka kupanda masika yakianza sharti afyeke wakati wa ukavu, na wengi hadi leo huchoma. Mchana upepo wa bahari huupeleka moshi bara. Usiku nchi kavu hupoa, upepo wa bara huja polepole, na moshi huteremka ukalala juu ya nyumba hadi alfajiri. Mwenye pumu anaujua usiku wa Februari kuliko daktari. Ukilazimika kuchoma, choma asubuhi jua likishapanda, rundo dogo dogo, wala usiwashe jioni.

Lakini moshi mbaya zaidi hauna msimu. Nyumba ya Kigiriama ya zamani iliezekwa nyasi hadi karibu na ardhi, bila dirisha, na juu ya mafiga pakawekwa uchaga wa mahindi, wenyewe huuita lutsaga. Si ujinga huo. Moshi ulifukuza wadudu na kukausha nafaka katika pwani yenye unyevu mwingi. Mahindi yalipona, aliyeumia ni mama na mtoto aliye mgongoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, wakiwemo zaidi ya watoto 237,000 walio chini ya miaka mitano. Chanjo dhidi ya vijidudu vya nimonia ilianza kutolewa nchini 2011, na imesaidia sana, ila haizuii moshi.

Basi mama, hamishia mafiga kwenye banda lililo wazi pande mbili, upande wa nyumba ambako upepo hautarudisha moshi ndani, na uangalie tena msimu ukigeuka. Kuni ziwe kavu. Na mahindi je? Hapo wengi hukosea. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na jirani zake, watu 125 walikufa kwa sumu ya ukungu ndani ya mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Kwa hiyo usiuondoe moshi kabla ya kupata njia nyingine ya kukausha. Anika juani juu ya turubai, si juu ya udongo, hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, ndipo utie katika mifuko isiyopitisha hewa.

Mtoto akikohoa, mvue shati uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, usingoje kukuche. Na ukiona kifua kinaingia ndani anapovuta pumzi, hata kuhesabu acha, mbebe mwende hospitali.