Sherehe ya Ziwa Mjini Annecy

Aghalabu tunapofundisha darasani huyafasiri maneno sherehe na tamasha kana kwamba ni pacha. Hata hivyo, sherehe hufanywa na wenyewe, na tamasha ni jambo la kutazamwa. Tofauti hiyo ndogo ndiyo tutakayoishika mkononi katika makala hii, tukieleza habari za mji mmoja wa Ulaya wenye ada ya kulisherehekea ziwa lake kila kiangazi.

Mji huo ni Annecy, ulioko mashariki ya Ufaransa, chini ya milima ya Alps, si mbali na mpaka wa Uswisi. Ziwa lake lina urefu wa kilomita 14 hivi, na mahali penye kina kirefu hufika mita 82. Maji yake hutoka kwa mto Thiou, mto mfupi sana, ambao hauzidi kilomita 4. Mto huo hupita katikati ya mji kwa mifereji, ukamwagikia mto Fier, na mwishowe maji hayo huingia Rhône. Kabla ya zama za umeme, Thiou ndio uliozungusha magurudumu ya vinu na ya karakana za mji. Katikati ya mto, juu ya kisiwa chembamba chenye umbo la omo ya jahazi, limesimama jengo la mawe la tangu karne ya 12, liitwalo Palais de l'Isle. Zamani lilikuwa mahakama na gereza. Leo ni makumbusho.

Sasa tutazame chanzo cha sherehe. Mwanzoni mwa mwaka 1860 Annecy haukuwa mji wa Ufaransa. Ulikuwa katika nchi ya Savoie, milki ya Victor Emmanuel II, mfalme wa Sardinia. Mfalme huyo alitaka kuiunganisha Italia, na mwaka 1859 alisaidiwa na Napoleon III katika vita dhidi ya Austria. Msaada huo haukuwa wa bure. Malipo yake yalikuwa Savoie na Nice. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 24 Machi 1860, na wenyeji wa Savoie wakapigishwa kura tarehe 22 na 23 Aprili. Waliokubali walihesabiwa 130,533, na waliokataa 235 tu. Hesabu ya namna hiyo imewatia shaka wanahistoria wengi, wala si ajabu.

Mwishoni mwa Agosti mwaka huo huo, Napoleon III na mkewe Eugénie walifika Annecy kuitazama nchi yao mpya. Usiku wakaandaliwa karamu ya majini, mashua zikapambwa kwa taa, na ziwa likang'aa. Usiku huo ndio uhesabiwao kuwa chimbuko la Sherehe ya Ziwa. Basi mwanzoni lilikuwa tamasha hasa: watawala walitaka kuonekana, na raia wakaja kutazama.

Mwaka 1870 Napoleon III alipinduliwa. Mwenye kuandaliwa karamu akaenda zake, lakini wenyeji hawakuiacha desturi. Waliifanya yao. Siku yake ya mazoea ikawa Jumamosi ya kwanza ya Agosti, ambapo fataki hurushwa juu ya maji kwa kufuatana na muziki, kwa muda unaozidi saa nzima. Watu makumi ya maelfu hujaa ufukweni, wazee kwa vijana, na watoto wamebebwa mabegani na baba zao. Mwaka 2020 ukimya ulitawala, kwa sababu ya maradhi ya Korona.

Lakini taa za usiku humulika uso wa maji tu. Katika miaka ya 1940 na 1950, chini ya uso huo ziwa lilikuwa likiugua. Maji machafu ya majumbani na ya mahoteli yalimiminwa humo, nalo ndilo lililowapa watu wa mji maji ya kunywa. Miongoni mwa waliopiga mbiu alikuwamo daktari Paul-Louis Servettaz. Si wote waliotaka kusikia, maana kutengeneza kulihitaji fedha nyingi, na ziwa, kwa macho, lilikuwa bado zuri. Hatimaye, mwaka 1957, miji na vijiji vya kandokando viliungana katika chama kimoja, naye Charles Bosson, meya wa Annecy, akiwa mstari wa mbele. Bomba kubwa likazungushwa ziwa, kazi iliyofanywa katika miaka ya 1960 na 1970, ili uchafu usiingie tena majini bali uende kusafishwa. Leo ziwa hilo hutajwa miongoni mwa maziwa safi kabisa ya Ulaya.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo tamasha lilipogeuka kuwa sherehe. Watu waliogharimia bomba lililofichika ardhini, ambalo hakuna apigaye makofi kulitazama, wana haki ya kufurahia fataki.

Walimu wenzetu mnaofundisha katika miji ya kandokando ya maziwa, tunawashauri muwatume wanafunzi kwa wazee wao wakaulize mambo mawili: ni shangwe gani zilizokuwa zikifanywa ziwani zamani, na nani alikuwa na wajibu wa kuyatunza maji. Majibu yaandikwe kwa Kiswahili sanifu, na maneno ya wavuvi yahifadhiwe kama yalivyotamkwa.