Imezimika au Imezimwa?

"Kaka, hiyo ni sensa tu."

Nilikuwa sijauliza chochote. Pikipiki ilisimama kwenye yadi moja ya Ilala, injini inanguruma vizuri, na kwenye dashibodi taa ya cheki injini inawaka njano. Sensa haikunisumbua. Lilinisumbua lile *tu*. Lina herufi mbili, lakini kwa wauza pikipiki halina ubovu linaloshindwa kuupunguza: ni waya tu, ni betri tu, ilianguka mara moja tu.

Tangazo lilikuwa limesema "imetumika kidogo". Kwa nini hawasemi imetumiwa? Kauli ya kutendeka, tuliyoikariri shuleni bila kujua itatufaa wapi, haimdai mtu mtendaji. *Imetumiwa* ingeleta swali papo hapo: imetumiwa na nani? Na bodaboda anayekesha barabarani, au na mwalimu wa kwenda shule na kurudi? *Imetumika* inapita bila kuulizwa. Vivyo hivyo pikipiki ya kuuzwa huharibika, haiharibiwi, huchakaa, haichakazwi. Kauli ya kutendwa wauzaji huipenda mahali pamoja, nako ni kwenye kukanusha: "injini haijafunguliwa".

Na hiyo taa tuiiteje? Kuna wanaosema taa ya onyo, wengine taa ya tahadhari. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina ngazi tatu nzuri: angalizo kwa njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Dashibodi nayo hufuata mpango unaokaribia huo. Ikiwaka nyekundu ya oili, zima injini hapo hapo ulipo. Ya njano inakuruhusu ufike kwa fundi. Kwa hiyo ningeiita taa ya angalizo, ila mtaani wamenitangulia, na neno lao ni bora. *Cheki injini* ni amri. Halisemi injini ni mbovu, linasema nenda kaangalie.

Muuzaji alipoona nasitasita akanivuta kwenye pikipiki ya pili. "Hii haina taa hata moja." Nikamwomba ageuze ufunguo bila kupiga starta. Pikipiki yenye injekta hujipima kwanza: taa ya cheki injini huwaka kidogo, kisha huzimika kama kompyuta yake haikuona hitilafu. Hii haikuwaka kabisa. Ama balbu ilikuwa imeungua, ama kuna mkono uliopita hapo.

"Imezimika au imezimwa?" nikauliza.

Akacheka. Akaniuliza kama nimekuja kununua pikipiki au kufundisha sarufi.

Nilikuja kwa yote mawili, kwa kweli. Taa inayowaka angalau inahojika. Honda nyingi za injekta, kwa mfano, huupepesa ugonjwa wao kwa hesabu: mpepeso mrefu ni 10, mfupi ni 1. Mrefu mmoja na mifupi miwili ni 12, yaani injekta. Mifupi saba ni sensa ya joto la injini. Lakini namba hiyo hutaja njia, haitaji kifaa. Kosa laweza kuwa kwenye sensa yenyewe, kwenye soketi yake au kwenye waya unaokwenda huko. Kwa hiyo "ni sensa" ni dai ambalo fundi anaweza kulipima kabla hujatoa pesa. *Tu* ndilo lisilo na kipimo. (Wenye pikipiki za kabureta wasinicheke. Zao hazina kompyuta, taa yao ni sikio: inamisi, inakohoa. Na inayokula oili utaijua kwa moshi.)

Nikamwambia muuzaji nitaichukua ile inayowaka, lakini bei ya sensa mpya na ufundi wake itoke kwenye bei yake, kwa kuwa ni sensa tu. Hakuipenda hesabu hiyo. Tulivutana mpaka adhuhuri, akakubali.

Fundi aliifungua siku iliyofuata. Sensa ilikuwa nzima. Waya wake ulikuwa umeliwa na panya. Akauunga, akauzungushia utepe, akageuza ufunguo. Taa ikawaka, ikakaa sekunde mbili, ikazimika.