Misitu ya Shimba inavyozuia tope la mito ya Kwale

MVUA za masika zinaponyesha katika vilima vya Shimba, Kaunti ya Kwale, matone hayaipigi ardhi moja kwa moja. Matawi huyapunguza nguvu, majani makavu huufunika udongo, nayo mizizi huyafungulia maji njia ya kupenya chini. Ndiyo maana chemchemi za Marere, vilimani humo, hutoa maji safi ya kunywa.

Mto hubeba udongo kwa namna mbili. Changarawe na mchanga mzito hubururwa chini. Chembe za mfinyanzi, zisizozidi milimita 0.002, huelea kwa kuwa msukosuko wa maji huzizuia kutua. Haya ndiyo mashapo yanayoelea. Wataalamu huteka maji, huyachuja, kisha hukausha masalio na kuyapima kwa miligramu katika kila lita.

Sehemu kubwa ya mzigo wa mwaka hupita katika siku chache za mafuriko. Mara nyingi mto huwa na tope jingi zaidi kabla ya maji kufikia kilele, kwani mvua za mwanzo hukomba udongo uliolegea. Hata msituni, kingo zinazomomonyoka na njia zilizokanyagwa hutoa tope. Lakini shamba lililolimwa kwenye mteremko bila kinga hutoa jingi zaidi.

Mto Mkurumudzi hutoka Shimba, hupita mashambani na kuingia Ghuba ya Gazi, Msambweni. Humo chembe hukutana na chumvi, hushikamana na kutua mikokoni. Tope la kiasi huijenga ardhi ya mikoko. Likizidi, huziba mizizi yake ya kupumulia. Hayo yalitokea katika hori ya Mwache, karibu na Mombasa, wakati wa mvua za El Nino za 1997 na 1998, ambapo mikoko mingi ilifunikwa ikafa. Tope linalovuka mikoko huyanyima mwanga nyasi za bahari na matumbawe, makao ya samaki.

Wakazi wa Gazi na Makongeni, walioanzisha mradi wa kuuza hewa ukaa wa Mikoko Pamoja mwaka wa 2013, wana sababu ya kuitazama rangi ya mto. Kinga yenyewe huanzia juu: matuta, nyasi na miti iliyoachwa kingoni. Mkulima wa mlimani anapookoa udongo wake, huokoa pia riziki ya mvuvi wa pwani.