Okestra na Mwenye Vyombo: Mantovani, Makassy na Wapigaji wa Nakivale

Annunzio Paolo Mantovani alizaliwa Venice, Italia, tarehe 15 Novemba 1905. Baba yake alikuwa mpiga fidla hodari wa jumba la opera la La Scala enzi za kondakta Toscanini, na mwaka 1912 familia ikahamia Uingereza. Mtoto akasomea muziki London, katika Trinity College of Music, kisha akaanza kujitafutia riziki kwa kupiga fidla mahotelini. Kufikia miaka ya 1950 alikuwa na okestra ya watu wapatao arobaini iliyobeba jina lake. Kampuni ya Decca iliuza santuri zake kwa mamilioni, na Marekani ndiko alikopata soko kubwa kuliko yote. Alifariki katika jimbo la Kent mwezi Machi 1980.

Muziki wake uliitwa muziki laini: wa kusikilizwa sebuleni baada ya chakula cha jioni, mara nyingi bila mwimbaji, usiomshurutisha mtu ainuke acheze. Wahakiki wengi wa wakati wake waliuona sukari tupu. Ninamleta hapa kwa sababu historia yake inatuhusu kuliko inavyodhaniwa. Ni mtoto wa wahamiaji aliyewastarehesha wenyeji hata wakamwona wa kwao. Afrika Mashariki tunao watu wa namna hiyo, nao walitoka Kongo: akina Mzee Makassy, Samba Mapangala, Baba Gaston na Remmy Ongala. Na watoto wa Kongo hiyohiyo wako leo Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, katika makazi yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia nchi yao, ambayo sasa yana watu zaidi ya 150,000. Wamo Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine, na Kiswahili ndicho kinachowapatanisha wengi wao sokoni na kanisani. Wa kwanza alipata okestra. Wa pili walipata bendi. Hawa wa tatu bado wanahangaikia nyuzi za gita. Kipaji hakiwezi kuwa ndicho kilichowatenganisha.

Tuanze na muziki wenyewe, maana wanaoudharau hawajausikiliza kwa makini. Sauti iliyompa Mantovani umaarufu ilibuniwa na mpangaji wake, Ronald Binge, aliyekuwa mpiga akodioni katika kikundi cha Mantovani cha kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1951 Binge aliupanga upya wimbo wa Charmaine, uliokuwa umetungwa miaka ya 1920 kwa ajili ya filamu. Aliwagawa wapiga fidla mafungu. Fungu la kwanza linapiga noti ya kwanza ya wimbo na kuishikilia. La pili linadaka noti inayofuata, nalo linaishikilia. La tatu vivyo hivyo, kisha la kwanza linaachia na kuchukua zamu yake upya. Hakuna fungu linalopiga wimbo wote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lakini anayesikiliza anaupata wimbo mzima, na nyuma ya kila noti anazisikia zile zilizotangulia zikiwa bado hazijazimika. Binge alitaka kuupata, ndani ya studio, ule mwangwi wa makanisa makubwa ya mawe kama la Mtakatifu Marko lililoko Venice, mji aliozaliwa bosi wake.

Sasa sikiliza rumba ya Kongo kwa sikio hilohilo. Gita la rithimu linashika njia na halitoki. Gita la kati, ambalo Wakongo huliita mi-solo, linapenya kwenye nafasi zilizoachwa na rithimu. Solo linapita juu, na wimbo ukifika kwenye sebene, ile sehemu ya kucheza, ndilo linalotawala. Besi inaruka mapigo ambayo mgeni angetarajia yajazwe. Mwambie mpiga mi-solo anyamaze na utashangaa: ule wimbo uliodhani unapigwa na solo peke yake unapwaya, kwa kuwa nusu ya noti ulizokuwa unazisikia zilitoka kwake. Wimbo mmoja umegawiwa mikono mingi. Binge aliyapata hayo kwa kalamu na karatasi, Wakongo wakayapata kwa mazoezi ya mchana kutwa.

Wala haikuwa lazima elimu hiyo itoke mbali. Magharibi mwa Uganda, hasa katika falme za Bunyoro na Tooro, zipo amakondere, baragumu za vibuyu zilizopigwa mbele ya wafalme. Kila baragumu hutoa sauti moja au mbili tu. Wimbo hupatikana wapulizaji wakipokezana, kila mmoja akiijua nafasi yake na kunyamaza pale asipohitajika. Kwa hiyo mtu wa Mbarara, jiji lililo jirani na Nakivale, anayeusikiliza muziki wa Kongo ukitoka huko hakutani na kitu kigeni kabisa. Jirani zake wa kaskazini walikuwa wakiipanga sauti kwa njia hiyo kabla santuri haijafika nchi hii.

Tofauti kubwa iko kwenye karatasi, na humo ndimo yalimo mambo ya fedha. Wapigaji wa Mantovani walisoma noti. Mpiga fidla akiugua Jumatatu, London ilikuwa na wapiga fidla wengine wengi wa kukaa kwenye kiti chake Jumanne, wakayasoma yaliyoandikwa na Binge na sauti ikatoka ileile. Okestra ile iliweza kuvunjwa jioni na kuundwa tena asubuhi. Bendi ya Kongo haiwezi hivyo. Sauti yake imehifadhiwa katika vichwa na vidole vya watu mahususi waliokaa pamoja, wakala pamoja, wakafanya mazoezi mchana na kupanda jukwaani usiku. Watawanye miezi sita na utakuwa umeifuta. Maana yake ni kwamba bendi ya namna hii inahitaji mahali pa kudumu na mshahara wa kudumu kuliko okestra ya Mantovani ilivyohitaji, ilhali ndiyo iliyokuwa ikivikosa.

Itazame safari ya Orchestra Makassy. Mzee Makassy, mtu wa mashariki mwa Kongo, aliianzisha Kampala katika miaka ya 1970. Uganda ya Idi Amin ikawa ngumu kwa biashara ya usiku, bendi ikahamia Dar es Salaam, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikawa Nairobi, ambako ilirekodi nyimbo za albamu ya Agwaya iliyotolewa na kampuni ya Virgin ya Uingereza. Mapangala naye alianza na bendi ya Les Kinois hapohapo Kampala, akaingia Nairobi mwaka 1977, na kutoka huko ikazaliwa Orchestra Virunga. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alijiunga na Makassy Dar es Salaam mwaka 1978, baadaye akaongoza Super Matimila. Jina hilo la Matimila lilikuwa la mfanyabiashara aliyemiliki vyombo. Jambo hili tumelizoea mno hata hatulioni tena: bendi inaimba shida za wanyonge huku ikiitwa jina la mwenye magita. Mwenye vyombo akikasirika usiku mmoja, magita yanarudi stoo na bendi imekufa.

Mantovani pia alikuwa na mwenye vyombo, tena mkubwa zaidi. Hoteli na mikahawa ya London ilimlipa kwa wiki katika miaka yake ya ujana, BBC ilimtangaza, kumbi za maonyesho zilimpa kazi, ukiwamo mchezo wa muziki wa Noël Coward, Pacific 1860, uliopandishwa jukwaani Drury Lane mwaka 1946. Kisha ikaja Decca na mitambo yake ya kurekodi iliyokuwa mbele ya wengi. Sauti ya fidla zile isingesikika vile katika studio duni. Simwondolei sifa yake kwa kusema hivyo. Nasema tu kwamba chini ya ulaini wote ule kulikuwa na sakafu ngumu ya taasisi.

Kuna njia ya tatu, na Waswahili ndio walioijenga. Mwaka 1905, mwaka uleule aliozaliwa Mantovani, kilianzishwa Unguja chama cha Ikhwani Safaa. Nacho ni okestra yenye fidla, kanuni, udi na akodioni, lakini haina bwana. Ni chama cha wanachama. Viongozi wamekufa, wapigaji wamebadilika vizazi kadhaa, na chama kimebaki. Okestra ya Mantovani haikuishi baada ya mwenyewe ila kwa jina na santuri. Mimi nikiulizwa ni mfano upi ulio imara kuliko yote, nitajibu ni huu wa Unguja, wala sitasita.

Yako pia mambo ya karatasi za aina nyingine, zile zenye mhuri. Juni 1940 Italia ilipoingia vitani, serikali ya Uingereza iliwakamata Waitalia kwa maelfu, wakiwamo wapishi na wauza aiskrimu walioishi huko miaka mingi. Tarehe 2 Julai meli ya Arandora Star iliyokuwa ikiwapeleka wafungwa Kanada ilizamishwa na nyambizi ya Wajerumani, wakafa Waitalia zaidi ya 400. Mantovani alikuwa ameshapata uraia wa Uingereza kabla ya vita. Aliendelea kupiga muziki. Wenzake waliochelewa kuomba karatasi hiyo hawakuwa na hatia kuliko yeye. Nairobi nayo, katika miaka ya 1980, vibali vya kazi viliwabana wanamuziki wa Kongo hata Virunga ikavunjika kwa muda, wakati nyimbo zake zikichezwa mji mzima.

Hapa Uganda inastahili kusifiwa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini, na katika makazi kama Nakivale familia hupewa kiwanja cha kujenga na kulima, ingawa viwanja vimezidi kuwa vidogo kadiri watu wanavyoongezeka. Mpiga gita wa Nakivale anaweza kwenda kupiga Mbarara bila kufukuzwa kama alivyoweza kufukuzwa mwenzake wa Nairobi. Mlango wa sheria uko wazi. Kilichokosekana ni chombo cha kubeba na mtu wa kumwita.

Pita Base Camp ya Nakivale siku ya Jumapili uone. Makanisa ya Wakongomani, yakiwamo ya Wanyamulenge, yanasikika kabla hujayaona: kinanda cha umeme, besi, ngoma, kwaya iliyopanga sauti nne bila kushika karatasi. Nje utakuta mvulana na gita la ubao alilolichonga mwenyewe. Nyuzi zake zinatokana na waya wa breki ya baiskeli. Waya ule umesokotwa kwa nyuzi ndogondogo. Unaufungua, uzi mmoja unakuwa uzi wa juu, nyuzi kadhaa zikisokotwa tena zinakuwa za chini. Zinakata vidole na hazikai kwenye tuni muda mrefu, kwa hiyo mwenye gita anazikaza kila baada ya wimbo, sikio likiwa karibu na ubao. Anayeweza kuipata rumba kwenye chombo kama hicho hana cha kufundishwa kuhusu nidhamu.

Kanisa ndilo mwenye vyombo wa Nakivale. Limefanya kazi kubwa, na bila kanisa kinanda kile kisingekuwapo. Lakini vyombo vya kanisa vina kazi ya kanisa, na kijana anayetaka kupiga rumba Jumamosi jioni hawezi kuvibeba. Mashirika ya misaada nayo humwita Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, apige mbele ya wageni, kisha hayamwiti tena mpaka Juni nyingine. Mwaliko mmoja kwa mwaka haujengi bendi. Mantovani hakujengwa na tamasha. Alijengwa na hoteli iliyomtaka kila usiku, hata usiku ambao wateja walikuwa wachache.

Mbarara kazi hiyo ipo. Ni jiji tangu mwaka 2020, lina mahoteli, lina kumbi, na kila msimu wa harusi linajaa sherehe za kuhingira, Wanyankole wanapomuaga binti yao. Humo katikati, wageni wakila na wazee wakizungumza, unahitajika muziki usiomfunika anayesema. Hiyo ndiyo kazi hasa ya muziki laini, na siku hizi hufanywa na kompyuta na spika. Magita matatu, besi na ngoma iliyopigwa kwa upole yangeifanya vizuri zaidi, na watu wa kuyapiga wako kilomita zisizozidi sabini kutoka hapo.

Basi wenye hoteli na kumbi za Mbarara, ombi ni hili: chagueni jioni moja ya wiki, iiteni bendi ya Nakivale, ilipeni kila wiki kwa mwaka mzima kabla hamjaamua kama inafaa. Na ninyi wapigaji wa Nakivale, ambao tayari mna vikundi vya kuweka akiba vinavyokutana kila wiki, fungueni kimoja cha muziki. Akiba ya kwanza inunue seti za nyuzi, ya pili amplifaya. Viandikeni vyombo hivyo kwa jina la kikundi, asije mtu mmoja akavichukua.