Uakisi wa Kioo

Uakisi wa kioo ni mwanga kugonga uso laini na kurudi kwa mpangilio, kwa pembe ileile uliyoingilia. Kinyume chake ni uakisi tawanyifu: mwanga hugonga uso wa mparuzo, kama wa kitenge au udongo, ukasambaa pande zote. Uso huhesabika kuwa laini pale vinundu vyake vinapokuwa vidogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga, yaani takriban nanomita 400 hadi 700.

Istilahi ya Kiingereza, specular reflection, imechimbuka katika neno la Kilatini speculum, kioo, hivyo tafsiri yetu imefuata maana ya asili. Akisi nayo ina asili ya Kiarabu. Waajemi wanalo neno hilohilo, aks, na kwao ndilo jina la picha ya kamera. Neno mng'ao halitoshi kuitafsiri istilahi hiyo, kwa kuwa mng'ao ni kile jicho linachoona. Uakisi ni kile mwanga unachofanya. Mng'ao ukizidi hadi rangi na nakshi zikafutika, lipo neno letu la zamani: kiwi.

Tofauti ya uakisi wa kioo na uakisi tawanyifu humgusa muuzaji wa Manyovu, wilayani Buhigwe, anayepiga picha ya bangili ya shaba kwa simu ili amtumie mteja wa Kasulu. Kitenge hutaka mwanga wa kukiangukia tu. Bangili huonyesha vilivyoielekea: paa la bati, mlango, simu, hata uso wa mpigaji. Kazi ya mpigaji basi ni kupanga vinavyoizunguka.

Wingu la msimu wa mvua likitanda juu ya milima ya mpakani na Burundi, shaba huliakisi lote, ikapata weupe mpana uliotulia na wekundu wake ukabaki. Siku ya jua, shuka jeupe lililotandwa kati ya jua na bangili hufanya kazi hiyo. Karatasi nyeusi ikisimamishwa ubavuni huchora ukingo, bangili isipotelee kwenye weupe. Flashi ya simu izimwe: ni nukta ndogo kali, huleta kiwi. Kichujio cha polaraizi hupunguza uakisi wa maji na glasi. Kwenye metali tupu hakifui dafu.

Kwa hiyo anayefundisha upigaji picha asiseme “punguza mng'ao”, maana mwanafunzi atapunguza mwanga na picha itafifia. Aseme “badilisha kinachoakisiwa”, naye atajua cha kusogeza.